Kuchangia ndege ya wagonjwa: harambee, mbio, Paybill au mchango wa kila mwezi?

Swali hili linazunguka katika vyama vingi vya kusaidiana hapa Nairobi, hasa vya watu ambao kwao ni mbali: Lamu, Marsabit, Turkana, Mandera. Tunataka kuchangia huduma ya ndege za wagonjwa. Tuchange vipi? Mmoja anataka harambee, mwingine anataka mbio za hisani, kijana anayejua mambo ya mitandao yuko tayari kufungua ukurasa wa mchango leo hii, na pembeni kuna mama anauliza kwa nini kila mtu asitoe mia mbili kwa mwezi maneno yakaisha. Mimi ni mweka hazina wa chama kimoja cha Walamu tulioko Nairobi, na njia hizi nazitazama kutoka upande wa daftari la hesabu. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: yule mama ndiye mwenye hoja nzito. Njia nyingine nazo zina mahali pake, lakini zikichaguliwa kwa mazoea tu, mtapata shangwe nyingi na huduma kidogo.

Pesa inanunua nini

Ndege za wagonjwa si jambo geni hapa. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa kuruka Afrika Mashariki. Shirika hilo leo ni Amref Health Africa, na ndege zake za wagonjwa ziko chini ya AMREF Flying Doctors, Uwanja wa Ndege wa Wilson. Wengi wetu tumeziona zikipaa tukiwa tumekwama kwenye msongamano wa Lang'ata Road.

Simu ikipigwa kwenye kituo cha huduma kama hiyo, anayepokea ana maswali yake. Mgonjwa yuko wapi? Ana miaka mingapi, uzito wake ni kiasi gani, anapumua mwenyewe au anasaidiwa? Presha yake ilikuwa ngapi ilipopimwa mwisho? Kiwanja cha karibu ni kipi, na je, mvua imenyesha, kina matope? Hospitali gani ya Nairobi imekubali kumpokea? Halafu linakuja swali ambalo familia nyingi hazilitarajii: nani analipa?

Kwetu Lamu kuna kipande cha baharini pia. Uwanja wa ndege uko Kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji. Mgonjwa wa Hospitali ya King Fahad hutolewa wodini, hushushwa hadi gatini, huingizwa kwenye boti akiwa kwenye machela huku mtu ameshika chupa ya maji ya dripu juu, huvushwa, ndipo anaikuta ndege. Wa Faza au Kizingitini huanza na safari ya boti iliyo ndefu zaidi. Yote hayo lazima yaende sambamba na ndege inayotoka Wilson, ikiwa na daktari au muuguzi wa dharura, oksijeni, mashine ya kusaidia kupumua na dawa.

Ukishaona mpangilio huo utaelewa gharama iko wapi. Sehemu kubwa hulipwa kabla injini haijawashwa. Rubani yuko zamu. Daktari na muuguzi wako zamu. Anayepokea simu yuko macho saa nane za usiku. Ndege inafanyiwa matengenezo kwa ratiba iliyowekwa na sheria za usafiri wa anga, bima yake inalipwa, dawa zilizopita muda zinabadilishwa. Hata wiki ambayo simu haikulia, hizo gharama hazipungui. Mafuta na ada za kutua huja juu yake. Kwa hiyo huduma hii hula pesa kila siku, na mchango unaokuja mara moja kwa mwaka kwa kishindo hauendi sambamba na ulaji huo. Hicho ndicho kipimo changu katika ulinganisho huu wote.

Kabla ya kuchagua njia, kubalianeni pia mnachangia kitu gani, kwa sababu watu hutumia maneno hayo hayo kwa mambo manne tofauti. Kuna kumchangia mgonjwa mmoja aliye kitandani sasa hivi. Kuna kuchangia mfuko wa hisani wa mtoa huduma, ule unaowasafirisha wasio na uwezo wa kulipa. Kuna kununua uanachama wa mwaka kwa mtoa huduma, yaani kulipia safari ya ndege mapema kwa ajili ya watu wenu. Na kuna kuchangia kifaa: machela maalumu, mashine ya moyo, kitanda cha joto cha kusafirishia mtoto njiti. Njia iliyo nzuri kwa kimoja huwa mbaya kwa kingine, na mikutano mingi huvurugika kwa sababu kila anayezungumza ana kimoja tofauti kichwani.

Harambee na karamu

Harambee tumezaliwa tukaikuta. Tangu Jomo Kenyatta alipoifanya wito wa taifa wakati wa uhuru, imejenga shule, zahanati na mabweni nchi nzima. Nguvu yake ni kwamba watu wanaonana uso kwa uso. Jina likisomwa na kiasi kikatajwa, aliyekuja na elfu moja huongeza ya pili. Kwa mchango wa kifaa, hakuna njia inayoishinda: mnataja bei, mnaonyesha picha, mnachanga mpaka kifike.

Udhaifu wake uko kwenye daftari la ahadi. Mtu yeyote aliyewahi kulishika anajua lilivyo. Safu ya kwanza jina, ya pili ahadi, ya tatu kilichotolewa. Safu ya pili hujaa hadi chini; ya tatu ina mapengo, na pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyingine "mwisho wa mwezi", bila kusema mwezi gani. Kamati hutangaza jumla ya safu ya pili, watu wakapiga makofi, na mweka hazina ndiye hubaki kupiga simu. Ushauri wangu kwa anayechagua harambee ni mmoja: jumla itakayotangazwa iwe ya pesa iliyoingia tu.

Kuna suala la wageni wa heshima. Zamani kamati iliwinda mbunge au waziri kwanza, tarehe ikafuata. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 iliwawekea maafisa hao mipaka katika kuchangisha, na Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza marufuku kwa maafisa wa serikali kushiriki harambee. Kwa huduma ya dharura mimi naona ni heri. Mgonjwa hana chama cha siasa, na mfuko ukishapigwa picha na mwanasiasa mmoja, wafuasi wa mwenzake huufungia mkono. Mchango wa hadharani pia una sheria yake na kibali chake, basi ulizeni katika ofisi za utawala mapema, kabla kadi hazijachapishwa.

Karamu ya hotelini ni binamu ya harambee, ila wanaoalikwa ni kampuni. Meza inauzwa kwa bei ya juu, kuna mnada wa picha na safari za Mara, na kampuni hupenda jina lake lionekane ukutani. Ikiwa katika chama chenu kuna watu wanaofahamiana na wakurugenzi wa kampuni, karamu moja inaweza kuleta kiasi ambacho harambee tano za ukumbi wa kanisa hazitafikia. Kama hamna watu hao, msijaribu. Ukumbi na chakula vitalipwa hata meza zikikaa tupu.

Mbio na matembezi

Nairobi inajua kukimbia kwa hisani. Mater Heart Run, iliyoanza mwaka 1993, imewafanya maelfu ya watu wavae fulana na kutembea ili watoto wafanyiwe upasuaji wa moyo. Mbio za Lewa, zile za kwenye hifadhi ya wanyama, zilianza mwaka 2000. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, akiwa mke wa rais, alianzisha mbio za Beyond Zero, na pesa zake zikanunua kliniki za magari kwa ajili ya kaunti.

Tazama walichochagua hao waliofanikiwa: kila mmoja aliuza kitu ambacho mtoto wa darasa la nne anaweza kukieleza. Moyo wa mtoto. Gari la kliniki. Ukisema "tunakimbia ili kugharimia zamu za usiku za marubani", hakuna atakayenunua fulana, ingawa ndiyo kweli yenyewe. Kwa hiyo mbio zinafaa kifaa, au zinafaa kulitangaza jina la mfuko. Haziwezi kuwa mshahara wa huduma.

Hesabu ya fulana pia ifanywe kwa uaminifu. Tuseme, kwa mfano tu, mnauza fulana kwa 1,000, na kuichapa kunagharimu 450. Toeni maji, cheti, kukodi uwanja, jukwaa na vipaza sauti, gari la wagonjwa la kusimama pembeni, vibali na vijana wa usalama. Watu 300 wakijitokeza, mauzo ni 300,000, na mkononi mnaweza kubaki na chini ya 100,000 baada ya miezi ya mikutano. Watu 3,000 ni jambo lingine, maana jukwaa ni lile lile. Ndiyo maana mbio huwafaa wenye umati, yaani shule, makanisa makubwa, benki na vyuo. Chama cha watu 80 kingefanya vyema kujisajili kwenye mbio za wengine na kila mkimbiaji akatafuta wafadhili wake kumi.

Hata hivyo mbio zina faida moja ambayo mweka hazina hawezi kuiandika: zinaleta vijana. Kwenye harambee mkono mfukoni ni wa wazee. Kwenye mbio utakuta msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wowote wa chama, na akiondoka pale na ujumbe wa kujiunga na mchango wa mwezi kwenye simu yake, mmepata mtu wa miaka mingi. Ajabu ni kwamba kamati nyingi hazichukui hata nambari zake za simu. Mkichukua, kumbukeni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: mwambieni mnaitumia kwa nini, na akubali.

Paybill, M-Changa na mchango wa kundi la WhatsApp

Hii ndiyo njia inayokuja kichwani mwa kila mtu siku hizi, na kwa haki. M-Pesa ilianza Machi 2007, na hakuna mahali duniani panapochanga kwa simu kwa wepesi kama hapa. Ukame wa 2011 ulionyesha nguvu hiyo: kampeni ya Kenyans for Kenya ililenga shilingi milioni 500 kwa mwezi mmoja kwa ajili ya walioathirika na njaa, na Wakenya wakavuka lengo, wengine kwa shilingi kumi kumi. M-Changa, iliyoanza mwaka 2012, ilileta ukurasa ambapo kila anayechanga anaona jumla ikipanda, na jamaa aliye Dubai au London anatuma kwa kadi.

Kati ya Paybill (nambari ya M-Pesa ya shirika au biashara), ukurasa wa M-Changa na nambari binafsi ya mtu, tofauti si ndogo. Nambari binafsi ni ya haraka na ndiyo inayotiliwa shaka upesi zaidi. Ina vikomo pia: muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haibebi zaidi ya 500,000. Mchango ukishika moto, ile simu hujaa na wengine wanarudishiwa pesa. Paybill inayoingia benki haina tatizo hilo la kujaa, na taarifa yake hutoka na jina, saa na kiasi, ingawa mtajionea vituko kwenye sehemu ya akaunti: mtu ameandika "mchango", mwingine "Fatma", mwingine "shikamoo". Amueni neno moja la akaunti na mliandike kwenye kila tangazo. Amueni vilevile ada ya muamala inabebwa na nani, anayetoa, anayepokea au wote wawili, kwa sababu mtoaji wa shilingi 100 akikatwa ada anaihisi. M-Changa ina makato yake, nayo inawaondolea kazi ya kuunganisha kadi, M-Pesa na Airtel Money. Kwa chama chenye jamaa wengi ughaibuni, hayo makato yanalipa.

Lakini hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mchango wa mtandaoni hufaa sana kukusanya, na hufaa vibaya sana kuokoa mtu aliye mahututi sasa hivi. Safari moja ya ndege ya wagonjwa ndani ya Kenya ni mamia ya maelfu ya shilingi, na kwa kawaida mtoa huduma anataka dhamana ya malipo kabla ya kuruka: barua ya bima, uanachama, au pesa. Fikiria ajali imetokea asubuhi. Saa nne familia inaambiwa mgonjwa ahamishwe. Saa tano kundi la WhatsApp linafunguliwa. Watu wako kazini, wengine hawajaona ujumbe, wengine wanauliza kama ni kweli. Saa tisa alasiri pesa imefika nusu. Viwanja vingi vidogo huko mashinani havina taa, kwa hiyo ndege lazima itue na kuondoka mchana. Saa kumi jioni, kwa kiwanja kilicho mwendo wa saa mbili angani, dirisha linakaribia kufungwa. Pesa inaweza kutimia saa mbili usiku, watu wakashangilia, na mgonjwa akalala pale pale mpaka alfajiri.

Kwa hiyo mkiwa mnachagua kati ya "tutachanga likitokea" na "tuwe tumeshachanga", tafadhali msizione kama njia mbili za kufanya jambo moja. Ya kwanza inategemea bahati ya saa.

Mchango mdogo wa kila mwezi

Hauna jukwaa, hauna mgeni wa heshima, hauna fulana. Ndiyo sababu hauna watetezi kwenye mikutano. Ila ndio pekee unaofanana na gharama yenyewe: mwezi ukifika huduma inalipa, na mwezi ukifika nyinyi mnatoa.

Nchi zilizokaa muda mrefu na huduma hii zimeishia hapo. Uswisi, shirika la Rega lililoanzishwa mwaka 1952 linabebwa na wafadhili wa kawaida zaidi ya milioni 3, kila mmoja akitoa kiasi kidogo cha mwaka. Uingereza, helikopta nyingi za wagonjwa zinaendeshwa na mashirika ya hisani. Ya London ilianza mwaka 1989 na hutegemea watoaji wa kila mara, wasia na bahati nasibu ya kila wiki. Ilipohitaji helikopta mbili mpya, ilianzisha wito mwingine kabisa wa pauni milioni 15, na mwaka 2024 helikopta hizo zikaanza kazi. Angalia walivyotenganisha: uendeshaji kwa watoaji wa kudumu, ununuzi kwa kampeni ya msimu. Huko ndiko tunakochanganya sisi, tunapotaka harambee moja ifanye yote mawili.

Bahati nasibu siipendekezi kwetu. Kisheria ina kibali chake, na hata mkikipata, Waislamu wengi na makanisa mengi wataiona kamari, na mtagawanya watu kwa jambo lililopaswa kuwaunganisha.

Kwa hesabu, watu 400 wakitoa 200 kwa mwezi ni 80,000 kwa mwezi, au 960,000 kwa mwaka. Hakuna aliyeumia. Tatizo ni kwamba mwezi wa kwanza watatoa watu 400, wa tatu 310, wa sita 180, si kwa ubaya bali kwa kusahau. Zamani dawa yake ilikuwa agizo la kudumu la benki, ambalo mama mboga na dereva wa boda hawana. Tangu Oktoba 2024 kuna M-Pesa Ratiba: mtu anaweka mara moja kiasi, siku na mahali pa kwenda, simu inatuma yenyewe. Wekeni siku iwe karibu na mishahara, si tarehe 20 ambapo akaunti ni sifuri. Mkiweza, mtu mmoja aketi na wanachama wazee baada ya mkutano, akiwashikia simu na kuwaelekeza, huku PIN wakiiweka wenyewe.

Kitu kingine kinachoua mchango wa mwezi ni ukimya. Mtoaji wa harambee alishapata makofi yake. Huyu wa mia mbili hupata nini? Apate taarifa fupi kila mwezi: tulikuwa wangapi, kimeingia kiasi gani, kimekwenda wapi, risiti hii hapa. Mtoa huduma akikubali kuwaambia kwa ujumla, bila jina la mgonjwa, kwamba mfuko wa hisani ulimsafirisha mama mwenye uchungu uliokwama kutoka kisiwani, hilo litawashikilia watu kuliko hotuba.

Uanachama: hisani au kinga?

Hapa kuna chaguo ambalo watu hulichanganya na hisani. AMREF Flying Doctors ina uanachama wa mwaka uitwao Maisha. Mtu, familia au kikundi hulipa ada, na dharura ikitokea katika eneo linalohusika, kusafirishwa kwa ndege kumeshalipiwa. Viwango viko kadhaa na eneo linalofikiwa hutofautiana. Hiyo ni kinga ya watu wenu. Yule jirani wa Kiunga ambaye hayumo kwenye orodha haimhusu. Mfuko wa hisani ni kinyume chake: unamhudumia asiye na mtu, lakini haumhakikishii mwanachama wenu nafasi.

Chama kikiniuliza, nasema gaweni. Kwanza hesabuni nani tayari ana kinga, maana bima nyingi za kazini zina kipengele cha ndege na mwenyewe hajui. Someni pia kile ambacho Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya afya, Oktoba 2024, inamgharimia mtu wenu, na mpate jibu kwa maandishi. Waliobaki bila chochote, hasa wazee walioko nyumbani, wanunulieni uanachama kutoka kwenye mchango wa mwezi. Kinachosalia kipelekwe mfuko wa hisani. Kabla ya kulipa ulizeni maswali haya: nani anaamua kwamba hali ni ya kusafirishwa kwa ndege? Je, maradhi ya zamani yanahesabiwa? Boti ya kutoka kisiwani hadi Manda ni juu ya nani? Na gari la kutoka Wilson hadi hospitali? Gharama ya hospitali yenyewe haimo, na familia nyingi hugundua hilo mlangoni, wakidaiwa amana.

Wakfu na wasia

Hii hupita haraka kwenye mikutano, nami nasikitika. Huduma ya madaktari wa ndege ya Australia, iliyoanzishwa na mchungaji John Flynn na kuruka mara ya kwanza kutoka Cloncurry mwaka 1928, ilisaidiwa kuanza na wasia wa tajiri wa viwanda, Hugh Victor McKay. Watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hilo; misikiti na visima vyetu vingapi vinaishi kwa wakfu? Chumba kimoja cha kupangisha Pangani au Eastleigh, kodi yake ikafungwa kwa ajili ya wagonjwa wa kusafirishwa, ni mchango wa kila mwezi usiosahau. Inahitaji wakili, wasimamizi waaminifu na subira. Kuhusu zaka, ina makundi yake manane, kwa hiyo waulizeni masheikh kwanza. Sadaka haina kizuizi hicho.

Mchague ipi

Mkiwa chama cha watu wasiozidi mia mbili, wengi wao wenye mapato ya kawaida: Ratiba ya kila mwezi, uanachama kwa wazee wa nyumbani, salio kwa mfuko wa hisani. Msianze na tukio.

Mkiwa shule, chuo, kanisa kubwa au benki: mbio au matembezi, kwa kifaa kimoja kilichotajwa bei, na meza ya kusajili watoaji wa kila mwezi pale mwisho wa mbio.

Mkiwa na watu wa kampuni: karamu, mara moja kwa miaka miwili hivi, baada ya kuwa na wadhamini wa ukumbi.

Mkiwa na mgonjwa kitandani sasa hivi: pigeni simu kwa mtoa huduma kwanza, kabla ya kufungua kundi lolote. Ulizeni kuhusu mfuko wa hisani, bima na dhamana. Mwajiri mmoja au jamaa mmoja mwenye uwezo akisimama mdhamini kwa maandishi, ndege inaweza kuondoka huku nyinyi mkichanga kumrudishia. Mpangilio huo umeokoa muda zaidi ya ukurasa wowote ninaoujua.

Na msisajili shirika jipya kwa ajili ya haya. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, ina masharti ya usajili na taarifa ambayo kikundi kidogo kitaelemewa nayo. Huduma ipo, mfuko upo. Andikianeni barua na mtoa huduma inayosema pesa yenu iende kwenye safari za hisani, na risiti itoke kwa jina la chama. Akaunti yenu iwe na watia saini watatu, wawili kati yao wakihitajika kila pesa inapotoka, na mmoja awe mtu asiye na undugu na wenzake. Taarifa ya Paybill ichapishwe na kusomwa mkutanoni kama ilivyo, pamoja na wale walioandika "shikamoo".

Kwa chama chetu, barua hiyo ndiyo ajenda ya kwanza ya mkutano ujao, na yule mama wa mia mbili ndiye atakayeiwasilisha.